Tumbo halikuulizwa tena

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hata ukinikata sawa tu.

Mtaani kwetu Isevya hapa Tabora kuna bwana alifariki, tumbo lilimshika usiku asubuhi hayupo, sasa turubai halijafungwa vizuri mawifi washampokonya mjane simu wanasoma meseji moja moja, wakakuta za mwanaume. Basi! Kijiweni kwenye kahawa hukumu ikapita palepale, kaua huyo. Tumbo halikuulizwa tena.

Nikawapa kesi ya Florence Maybrick, Liverpool, Uingereza, mwaka 1889. Binti wa Kimarekani, kaolewa na mfanyabiashara wa pamba, James, aliyemzidi zaidi ya miaka 20. Mume akaugua, yaya wa watoto kapewa barua apeleke posta akaifungua, kumbe ya hawara, na tarehe 11 Mei James akafa. Mama akakamatwa, maana alionekana kaloweka karatasi za sumu ya nzi kwenye maji, mwenyewe akasema ni dawa ya kupaka usoni (msicheke, mkorogo wanaojipaka dada zetu una nini ndani?).

Sasa kilichonichosha ni hiki, huyo James mwenyewe alikuwa anakula aseniki, sumu ileile ya kwenye karatasi za nzi, kama dawa ya nguvu, miaka na miaka, na madaktari walibishana mahakamani kama ndo iliyomuua au la. Na alikuwa na kimada, kazaa naye kabisa! Hilo halikumuumiza mtu kichwa. Ila Jaji Stephen alipowaelekeza wale raia 12 wa kuamua, wanaume watupu, alitumia siku mbili na zinaa ya mke akaishikilia kweli kweli. Wakatoka kuamua, hata saa moja haikuisha, anyongwe. Na kupanda kizimbani kujitetea kwa kiapo sheria ilikuwa bado haimruhusu mshtakiwa, hiyo ilikuja 1898.

Baadaye waziri akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, eti kuna shaka kama ni aseniki iliyomuua mume. Jamani, kama kuna shaka si umwachie? Akatoka 1904.

Nimemaliza kusimulia, mzee mmoja kaweka kikombe chini akaniuliza, "Lakini si alikuwa na hawara?"

Na ile simu iko kwa mawifi mpaka leo, mjane yuko eda hana hata cha kumpigia mama yake Urambo.

Msomaji wenu, Tabora