Kabla hujaingia itikafu

Mwanangu Bakari,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unataka kukaa itikafu, kujitenga msikitini kwa ibada, kumi lote la mwisho la Ramadhani, mpaka mwezi wa Idi uandame, kwa kuwa kichwa kimekuchoka na nyumba haina utulivu. Alhamdulillahi. Kijana kuutamani msikiti kuliko kijiwe ni neema, na majirani nimeshawaambia.

Ila mkeo Mwanaisha hukumtaja. Umemuuliza? Najua utakuwa umemwambia. Mimi nauliza kama umemuuliza.

Ana zamu za usiku pale wodini. Usiku wa zamu watoto watalala na nani? Mdogo ananyonya, na yule wa kati kifua kinambana hata bila vumbi. Na kumi la mwisho ndilo lenye kazi zote: futari, daku, nguo za Idi.

Itikafu ni sunna, mwanangu. Kuwatunza waliomo nyumbani mwako ni wajibu. Bi Aisha amesimulia kwamba likiingia kumi la mwisho Mtume (S.A.W.) hukaza shuka yake, akauhuisha usiku, akawaamsha na watu wa nyumbani kwake. Huyo ndiye unayemfuata. Akiwa itikafuni alikuwa akimtolea Bi Aisha kichwa amchane nywele. Bi Safiya, mkewe mwingine, alimwendea usiku wakazungumza, naye akainuka kumsindikiza. Na kuna mwaka aliiacha itikafu ya Ramadhani, akaja kuikaa siku kumi za Shawwali. Basi usiniambie ni kumi lote au hakuna.

Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii, itikafu haina kima cha siku. Ukitia nia ukatulia msikitini, hata kwa muda mfupi, umeipata. Siku ambazo Mwanaisha hana zamu, nenda baada ya tarawehe urudi kwa daku, na zile za witiri, za tarehe zisizogawanyika kwa mbili, uzipe uzito. Kisha kama msikiti wenu una upande wa wanawake, baki na watoto wewe, naye aende usiku wake. Kichwa chake nacho kinachoka. Au hilo hujaliona?

Marehemu baba yako alikuwa akiingia kila mwaka, watu wakamsifu, na mimi sikusema neno. Usikichukulie kimya changu kuwa kilikuwa radhi.

Simu kubwa iache nyumbani. Utulivu gani utaupata na makundi yale yanalia usiku kucha? Beba ile ndogo ya kitochi tu, mtoto akibanwa upatikane. Kutoka kwa dharura kama hiyo hakuna wa kukulaumu.

Nimewapakilia nazi na unga wa muhogo kwenye basi la asubuhi, mkapokee stendi mapema, maana mara ile kiroba kilifunguliwa. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi kachukua pesa ya misumari hajarudi. Zaka ya fitri itoe huko huko, pishi ya nafaka kwa kila kichwa, na huyo mchanga umhesabu. Itoke kabla ya swala ya Idi, si kama mwaka jana ulipokimbizana na muda.

Nitumie vipimo vya watoto nishone kanzu. Ya wa kati nitaipanua shingo.

Na Mwanaisha anipigie mwenyewe. Hilo la zamu nataka kulisikia kwake.

Mama yako,
Pangani