Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kishikio cha Kamera kwa Hewa ya Nyanda za Juu

Ndugu wanachama,

Shikamooni wazee wetu, na ninyi vijana nawasalimu kwa upendo. Kwa niaba ya kamati ya utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu. Mambo ya fedha yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu, kwa hiyo sitayarudia. Muda mlionipa nitautumia karibu wote kwa kazi moja iliyotukusanya mwaka mzima kwenye karakana yetu ya Mwanjelwa, hapa Mbeya: kubuni na kutengeneza wenyewe kishikio cha kamera kinachojituliza, yaani gimbali, kwa ajili ya kupiga picha kwa droni.

Wapo waliouliza kwa nini tujisumbue wakati madukani kuna droni zilizokuja na kila kitu. Ni swali la haki na linastahili jibu. Droni hizo ni nzuri, na wengi wenu mnakula kwa sababu yake kwenye harusi, mahafali na matangazo ya viwanja. Lakini gimbali yake ikigonga ardhi mara moja, mkono mdogo ukapinda au utepe wa waya ukakatika, mwenye kazi anakaa wiki nyingi akisubiri kipuri kitoke Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari. Kamera yake nayo haibadilishwi. Mwanachama anayetaka kufunga kamera ya kuangalia afya ya mimea kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu hana pa kuifunga. Kitu tulichokitengeneza kwa mikono yetu tunaweza kukifungua mezani, tukakibadilisha na kukirudisha hewani siku hiyohiyo.

Kuna na sababu ya hewa, na hii naomba tuitazame kwa makini. Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani. Propela ileile, ili ibebe uzito uleule, inabidi izunguke kwa kasi iliyozidi kama asilimia 9. Ukipanda Uporoto, kwenye mashamba ya viazi na pareto yaliyo juu ya mita 2,200, nyongeza hiyo inafika asilimia 11 au 12. Hapo betri inaisha mapema, na mtikisiko unaoifikia kamera si ule uliopimwa ufukweni. Anayerusha Tanga anaweza kusamehe gramu 50 za ziada. Sisi hatuna pa kuzificha.

Ndiyo maana kamati ya ufundi ilianza na mizani, kompyuta ikafuata baadaye. Gimbali iliyojengwa vizuri, kabla haijawashwa umeme, ukiigeuza kamera kwa kidole ukaiachia, inabaki palepale ulipoiacha. Haidondoki mbele, wala hairudi nyuma. Maana yake ni kwamba kitovu cha uzito wa kamera kimekaa sawasawa kwenye mhimili wa mota. Kikiwa pembeni hata milimita chache, mota itatumia nguvu zake kubeba uzito muda wote, itapata moto, na upepo wa Agosti ukija haitakuwa na akiba. Vijana wetu wengi wanapenda kurukia programu na kuongeza nguvu ya mota hadi kamera ikae sawa. Inakaa, lakini kwa dakika chache tu. Msimamo wa kamati ni kwamba hakuna gimbali itakayounganishwa na betri hapa karakanani kabla ya kupita jaribio la kidole, na nawaomba mkutano huu uupitishe kuwa utaratibu wa chama.

Kwenye mota tulipata faida ya kuishi Mwanjelwa. Mota ya kurushia droni imesukwa kwa waya mnene wa mizunguko michache ili izunguke kwa kasi kubwa. Mota ya gimbali kazi yake ni kinyume kabisa: isimame, ishikilie, isogee kidogokidogo bila kuruka. Kwa hiyo inahitaji waya mwembamba wa mizunguko mingi, na upinzani wa umeme wa omu 10 hivi au zaidi, ili umeme upite bila kuichoma hata ikiwa imesimama. Tulichukua mota zilizochoka za droni, zile zenye meno 12 na sumaku 14, tukazipeleka kwa mafundi wa kusuka mota wa hapahapa jirani. Watu hawa wamezoea mota za mashine za kukobolea na pampu za maji, na mwanzoni walizitazama hizi zetu ndogo kwa mashaka. Walipoelewa tunachotaka, walisuka kwa usafi ambao sijauona kwenye nyingi za dukani. Napendekeza wakaribishwe rasmi kutoa mafunzo kwa wanachama, na walipwe kama walimu.

Sasa nije kwenye mitikisiko, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Kamera nyingi ndogo husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Kamera ikitikisika wakati wa kusoma, nguzo ya umeme iliyonyooka inatoka imepindapinda, na paa la bati linacheza kama maji. Propela inayozunguka mara 6,000 kwa dakika, ikiwa haikusawazishwa, inatikisa fremu mara 100 kwa sekunde. Hakuna mota ya gimbali itakayokimbizana na hilo. Gimbali inashughulika na miendo ya polepole: droni ikilala upande, ikiinua pua, ikisukumwa na upepo. Mtikisiko wa haraka ni kazi ya mpira, na chanzo chake kinatibiwa kwenye propela yenyewe kabla ya kupanda.

Mpira nao una kanuni yake. Kamera ikining'inia kwenye vipande vya mpira inakuwa na mtikisiko wake wa asili, na mpira unaanza kuzuia pale tu mtikisiko unaotoka kwenye mota unapozidi huo wa asili kwa zaidi ya mara 1.4. Chini ya hapo unaweza hata kuukuza. Tulilenga mtikisiko wa asili wa mara 15 hadi 20 kwa sekunde, ili ule wa 100 ubaki mbali juu yake. Mpira mgumu mno unapitisha kila kitu. Ukiwa laini mno, kamera inayumba kila gimbali inapojirekebisha, na mota na mpira vinaanza kushindana. Na huku kwetu kuna baridi. Kipande cha mpira kilichokuwa laini mchana karakanani kinakuwa kigumu alfajiri ya Julai kule Uporoto, hivyo hesabu yote inasogea. Baada ya kulinganisha, kamati imechagua vipande vya silikoni, ambavyo havibadiliki sana na baridi, na kila mwanachama atapewa seti mbili za ugumu tofauti.

Baridi hiyohiyo inagusa na kihisi. Ubongo wa gimbali unategemea jairoskopu, inayopima kasi ya kugeuka, na akselerometa, inayotambua chini ni wapi kwa mvuto wa dunia. Vyote viwili vimo ndani ya chipu ndogo iliyofungwa kwenye kamera yenyewe, na bodi, yaani kibao cha umeme kinachoongoza mota za gimbali, inazisoma mamia ya mara kwa sekunde. Jairoskopu ina tabia ya kupotoka kidogokidogo, na kiasi cha kupotoka kinabadilika na joto. Ukiirekebisha kwenye chumba chenye joto kisha ukaruka kwenye ubaridi, upeo wa macho unaanza kulala taratibu, na aliyeajiriwa kupiga video ya shamba la chai Tukuyu anagundua jambo hilo akiwa nyumbani. Dawa ni kuiacha droni nje ipoe au ipate joto la mahali, kisha kurekebisha kihisi hapohapo ikiwa imetulia juu ya kitu kisichosogea. Akselerometa nayo inadanganyika droni inapopiga kona ndefu kwa kasi, kwa sababu msukumo wa kona unaonekana kwake kama mvuto. Kwa hiyo rubani mwenye haraka hataokolewa na gimbali yoyote. Arushe polepole, akate kona kwa upana.

Kwenye kurekebisha bodi tumeandika mwongozo wa Kiswahili, na kila tawi litapata nakala. Kwa ufupi, bodi inawekewa namba tatu: ya kwanza ni nguvu ya kuirudisha kamera mahali pake, ya pili inafuta kosa dogo linalodumu, ya tatu ni breki. Ongezeni ya kwanza hadi mota ianze kulia kwa sauti nyembamba, kisha mrudi nyuma. Na angalieni waya! Waya mgumu wa picha unaotoka kwenye kamera unaivuta gimbali kama kamba. Tumieni waya mwembamba wenye ganda la silikoni, uachwe na kitanzi kilicholegea.

Lililoleta mjadala mrefu zaidi ni mihimili miwili au mitatu, yaani gimbali iitulize kamera kwa pande mbili za kugeuka au tatu. Wapiga video wanataka mitatu, ili hata droni ikigeuza pua kwa ghafla picha isiruke. Wapima ramani wanatosheka na miwili, kwa sababu kamera yao inatazama chini muda wote na wanachohitaji ni picha zinazopandana vizuri. Mhimili wa tatu unaongeza mota, mkono na beringi, na kwa mwinuko wetu uzito huo unalipwa kwa dakika za kukaa hewani. Mimi binafsi naunga mkono tuanze na miwili, kwa kamera isiyofika gramu 100, tuifanye iwe imara na rahisi kutengenezwa, na kikundi cha video kiendelee na wa tatu kwa mwaka ujao kikitumia michoro ileile. Ndugu zetu wa Iringa wanaopenda kamera kubwa naomba wanielewe. Kamera kubwa inataka droni kubwa na betri kubwa, na leo hatuna karakana ya kuzihudumia.

Kuhusu usalama, waliokata mabamba ya nyuzi za kaboni wakumbuke kwamba vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Bamba likatwe likiwa limeloa, na mkataji avae barakoa. Bamba hilo linapitisha umeme pia, hivyo bodi isikae juu yake bila kitu cha kuzuia.

Kuhusu sheria, chama hakitamtetea anayerusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Tuna Kiwanja cha Ndege cha Songwe jirani, na ndani ya ndege zinazoshuka pale kuna ndugu zetu. Kwa Kitulo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kibali cha hifadhi kinatangulia hata kufungua begi. Na tukumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: kamera iliyotulia vizuri inaona uani kwa watu waziwazi kuliko ile iliyokuwa ikitikisika. Mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha.

Kamati inaleta mbele yenu maombi haya. Mpitishe gimbali ya mihimili miwili iwe muundo wa pamoja wa chama. Michoro yake iwe wazi kwa mwanachama yeyote na kwa wanafunzi wa ufundi watakaoiomba, bila malipo. Beringi, bodi na silikoni tununue kwa pamoja, kwa sababu mmoja mmoja tunalipa usafirishaji uleule mara nyingi. Na mafundi wa kusuka mota wapewe siku yao ya kufundisha.

Jumamosi inayofuata mkutano huu karakana itakuwa wazi tangu asubuhi kwa kusawazisha propela. Njooni na propela zenu zote, hata zile mnazodhani ni nzima. Kifaa cha kusawazishia kipo. Mwenye utepe mwembamba wa gundi na msasa laini aje navyo, na waliotoka Tukuyu na Mbozi wajulishe katibu mapema ili chakula cha mchana kitoshe.

Mwenyekiti