Mgonjwa aambiwe kuhusu mpira wa kupumulia kabla hajalala

Mhariri,

Upasuaji mkubwa wa moyo, umio au ubongo mara nyingi hupangwa siku nyingi kabla, na hujulikana mapema kwamba mgonjwa ataamkia chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini maandalizi mengi huishia kwenye kusaini fomu na kuzuiwa kula: chakula kikomo ni saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa 2. Ni sawa, ila hapo limeandaliwa tumbo tu.

Kinachotisha ni kuamka ukataka kusema, sauti isitoke. Mpira wa kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti, na ukiwa bado humo hewa haizifikii. Asiyeambiwa hudhani amekuwa bubu. Mkono huenda moja kwa moja mdomoni kuung'oa, na mpira ukivutwa puto dogo lililo karibu na ncha yake ya ndani likiwa limejaa hewa huzijeruhi nyuzi hizo hizo. Ndipo wengine hufungwa mikono. Basi aelezwe akiwa na akili zake timamu: sauti hurudi mpira ukitoka, hata kama itakwaruza siku chache. Zikubaliwe ishara, kubana mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili hapana, na ubao wa herufi aujaribu siku hiyo hiyo. Aliye nusu usingizini hafundishiki. Ajue pia kwamba mpira wa mkojo humfanya ahisi amebanwa wakati kibofu ni kitupu, na kwamba monita, mashine inayofuatilia mapigo ya moyo na oksijeni, hulia hata kidole chenye kifaa chake kikitikisika tu.

Kuna kipimo kinachosahaulika: urefu. Ujazo wa pumzi kwenye mashine ya kupumulia hupangwa kwa urefu na jinsia, si kwa uzito wa mizani, maana mapafu hayakui mtu akinenepa. Ukimkisia aliyelala ukazidisha sentimita 10, kila pumzi inaweza kuzidi kwa mililita 50 au zaidi. Apimwe akiwa amesimama.

Pete zivuliwe, kwani vidole vikivimba itabidi zikatwe. Rangi ya kucha ifutwe, meno bandia yawekwe kwenye chombo chenye jina. Miwani na mashine ya masikio, hizo zimfuate hadi kitandani. Asiyeona wala kusikia huweweseka upesi, hasa usiku.

Dawa zote ziandikwe na dozi zake, na mgonjwa asiache yoyote kwa uamuzi wake. Za kuzuia damu kuganda huenda zikasimamishwa siku kadhaa kabla, ilhali baadhi za moyo zikikatwa ghafla huleta madhara.

Ndugu wachague msemaji mmoja, simu yake iandikwe kwenye faili.

Tunachoomba ni nusu saa tu siku ya kuamkia upasuaji, na mzungumzaji awe muuguzi wa chumba kile kile kitakachompokea.

Wauguzi wa wagonjwa mahututi