Kuhusu mbingu zako nyeusi

Kwako sahibu yangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako tu uliye mbali na upeo wa macho yangu. Haya, adabu imetosha. Bahasha ya picha zako za jangwani, nyeusi na nyeupe, ilifika salama, hakuna iliyopinda, na najua ukimya wangu umekukera. Mlaumu Mwalimu. Alizichukua akidai atakaa nazo usiku mmoja tu, nawe unamjua.

Umetaka nikuchagulie za kutundika ukumbini. Kwanza tugombane kidogo juu ya hiyo filta nyekundu, kile kioo cha rangi unachokifunga mbele ya lenzi. Hivi uliivua hata mara moja kutoka Tamanrasset mpaka Assekrem, huko kusini mwa Algeria? Kule juu, zaidi ya mita 2,600, hewa ni nyembamba na kavu, anga lenyewe tayari ni buluu iliyokolea. Nyekundu inaizuia buluu, kwa hiyo kwenye karatasi anga linatoka kama lami. Na vile vigingi vya milima ya Atakor, mabaki ya koo za volkano, ni mawe ya giza tangu asili. Ile uliyoiandika "alfajiri" nyuma, ilibidi niipeleke dirishani ndipo nikaona mlima unapoishia.

Halafu vivuli! Kivuli cha jangwani hakiguswi na jua, kinaangazwa na anga, na mwanga huo ni wa buluu. Ukiuzuia, nyufa, makorongo, vifusi chini ya magenge, vyote vinazama. Najua utanitajia Ansel Adams, yule mpiga picha Mmarekani, na picha yake ya mlima wa Half Dome ya 1927, kwamba alitoa filta ya njano akaweka nyekundu na mbingu ikawa nyeusi. Sawa, lakini ule ni mwamba wa matale, wa kijivu cheupe, tena kulikuwa na theluji. (Naye alikuwa amebakiwa na mabamba machache ya kioo, si kama wewe unayemaliza filamu kabla ya chai.)

Ile yenye mawingu membamba juu ya vigingi siibishii, hapo nyekundu imefanya kazi. Tundika. Ya siku ya vumbi haikusaidiwa na filta hata kidogo, maana chembe za vumbi ni kubwa, zinatawanya rangi zote karibu sawasawa. Lakini ndiyo niipendayo kuliko zote: safu ya mbele nzito, zinazofuata zikififia mpaka ya mwisho inakaribia weupe wa karatasi. Mwalimu anasema imefifia mno. Na aseme.

Narudi palepale, univumilie. Asubuhi ungeweka njano, au ya machungwa ukizidi sana, anga lingeshuka kidogo tu na ncha za miamba zikasimama. Ile ya "alfajiri" mpangilio wake ni mzuri mno, ndiyo maana naudhika.

Sasa nijibu. Ulipiga nyingine palepale bila filta? Negativu unazo wewe au ziko kwa anayekusafishia? Anaweza kuichapa tena kwa kontrasti ya chini, japo vivuli vilivyokwisha kupotea havirudi? Ukumbi wenyewe una taa gani, maana weusi huo chini ya taa hafifu...? Shemeji mguu umepona? Na ile lenzi yangu ya milimita 135, nayo ilikwenda Assekrem ikabaki huko?

Wako,
mgomvi wako wa siku zote