Niliyekuwa nikimwita teja ndo kaniachisha sigara

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, na kama barua ni ndefu ikate upendavyo ila hapo pa kijana usipakate maana ndo palipo neno lenyewe. Mie ni fundi seremala hapa Wete, kazi nimeianza nikiwa na miaka kumi na saba kwa ami yangu, na sigara nimeianza mwezi ule ule kwa ami huyo huyo, alikuwa akinituma dukani nimnunulie moja nimuwashie kabisa nije nayo inawaka, basi huwezi kuja nayo inawaka masafa yale bila ya kuivuta njiani isizimike. Leo nina miaka arubaini na tisa. Piga hesabu mwenyewe.

Mtaani wananijua kwa masikio, la kulia penseli la kushoto fegi, hata nikiwa sivuti ipo pale inangoja. Kuna siku nlikuwa nampimia mtu mlango, nkataka kuandika vipimo nkachomoa sigara nkawa naisugua kwenye ubao nashangaa mbona haiandiki. Yule bwana akacheka na mie nkacheka, mtoto wangu wa mwisho alikuwepo, hakucheka.

Kuacha nshaacha mara nyingi kama wavutaji wote. Kila Ramadhani naacha kuanzia alfajiri mpaka magharibi na sifi, halafu adhana ikilia ni tende moja, maji, na sigara, uji wenyewe haujafika mkekani. Kila mwaka nasema hii ndo ya mwisho na ikiingia Mfungo Mosi nipo nyuma ya banda na kiberiti. Mara moja niliacha siku sita nzima kimya kimya, sikumwambia mke wala rafiki, naogopa kuchekwa nikishindwa, siku ya saba nkagombana na mteja kwa ajili ya kitasa, nkenda zangu dukani. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kama nimeacha basi hakuna aliyejua kama nimerudi.

Mwaka juzi kifua kikanibana nkaenda hospitali, sitaji ipi. Daktari kijana, kanisikiliza mgongo, kaandika, na bila ya kuinua uso akanambia mzee acha sigara. Nkamuuliza naacha vipi? Akasema acha tu, akaita mwengine. Simlaumu sana maana foleni ilifika nje, lakini hiyo "acha tu" mke wangu ananambia bure tangu tuoane na wala sihitaji kupanda gari kuifuata.

Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi Unguja. Yeye ndo aliyenambia kuwa kuna vibandiko vya nikotini, ndo kile kitu cha kwenye tumbaku kinachomshika mtu, unabandika mkononi, na jojo zake, na Shirika la Afya Duniani limevitia kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na 2021 wakaongeza vidonge vya aina mbili, vareniklini na bupropioni. Nkafurahi. Nkapita maduka matatu ya dawa, wa kwanza hana, wa pili anasema tangu afungue duka hajaulizwa kitu hicho, wa tatu akanipa jojo ya minti ya watoto. Nkainunua, nifanyeje. Sasa Mhariri kila ikifika 31 Mei, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, tunahubiriwa kwenye redio kuwa sigara inaua, na hilo mvutaji gani asiyelijua, mie ami yangu nimemzika mwenyewe na kilichomuua nakijua. Sie tunauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Haya, nakuja kwa kijana. Sitomtaja jina. Huyu alikuwa anakula unga, na katika kula kwake unga aliniibia randa, randa ya chuma niliyorithi kwa ami, akaenda kuiuza kwa pesa ya siku moja. Nlimwita teja mbele ya watu na mbele ya mama yake, na kila nikimuona naficha vitu. Baadae familia wakampeleka soba hausi Unguja, nyumba wanakokaa watu wa unga mpaka waache, akakaa miezi, akarudi kanawiri anaosha pikipiki za watu njia panda. Barzani akipita tunanyamaza mpaka apite.

Basi siku hiyo kaja bandani kwangu, kaja kuomba radhi kwa ile randa, kwa sababu huko wanafundishwa warudi kwa waliowakosea wawaombe radhi, na wakiweza walipe. Mie hata salamu sikuiitikia sawasawa, natafuta kiberiti. Napekua mifuko, nafungua makopo ya misumari, napangusa vumbi la mbao chini kwa mikono, mikono yenyewe inatetemeka na mdomo unatukana. Yeye kasimama mlangoni ananitizama tu, halafu akasema taratibu, "Fundi, hiyo arosto." Arosto ndo ile hali inayomshika teja akikosa unga.

Nlimfukuza. Mie na teja arosto moja! Akatoka, akafika njiani akageuka akanambia "Samahani fundi, tofauti yake ni kuwa yako inauzwa dukani." Usiku ule sikulala, nakasirika, nageuka, nakasirika tena, mke wangu akauliza una nini nkamwambia mbu.

Kesho yake nkamwita mwenyewe. Nkamwambia hebu kaa kitako, nambie huko walikufanyeni mpaka mkaacha kitu kile. Akanambia hakuna anayekwambia uache maisha, unaambiwa leo tu, na kesho nayo ikifika unaambiwa leo tu. Pili kila mmoja ana mtu wake wa kumpigia simu kabla hajateleza, kabla, sio baada. Tatu kuna vitu vinne vya kujichunga navyo, njaa, hasira, upweke na uchovu, maana hivyo ndo vinavyomrudisha mtu. Nkakumbuka kile kitasa.

Akasema ntakuwa mtu wako fundi, lakini sharti uende barzani useme mbele ya watu. Nakwambia Mhariri hilo lilikuwa zito kuliko kuacha kwenyewe. Barza yetu ni ya kahawa na dhumna, tunakaa baada ya isha, watu kumi na moja na wavutaji saba. Nkasema. Kilipigwa kicheko mpaka mwenye kahawa akaweka dele chini. Mmoja akasema "Fundi ukiacha sigara mie naacha kuoa", na ana wake watatu. Mwengine kanyosha pakiti pale pale, shika bwana moja tu ya kuagana nayo. Mpaka mzee wetu akatema tambuu (na tambuu yake ina tumbaku, nikotini ile ile, lakini tumuachie) akasema fundi kashasema, kuanzia leo atakaempa sigara anatoa faini ya kahawa ya barza nzima.

Ile faini ndugu zangu! Watu wetu unawajua, kukupa sigara wanakupa kwa mapenzi lakini kuwanunulia kahawa watu kumi hapana. Wiki ya kwanza nliomba mwenyewe, nkaomba kwa kunyenyekea, hakuna aliyenipa.

Siku tatu za mwanzo ndo mbaya kweli, kichwa kinauma na kila mtu adui. Mke wangu akanipa karafuu nitie mdomoni kila hamu ikija, ulimi unakufa ganzi hata hujui mdomo uko wapi, hiyo sigara utaishika na nini. Kijana akanifundisha kuwa hamu haikai, dakika tano, kumi, inapita, fanya kazi mpaka ipite. Basi ikija nachukua ubao napiga randa mpaka iondoke, wiki ile Wete nzima hakuna fundi mwenye mbao laini kama zangu, nyengine zilikuwa nyembamba hazifai tena kwa mlango.

Wiki ya pili mambo yakageuka. Usingizi hakuna, moyo unadunda, mikono inatetemeka kuliko siku ya kwanza, nkasema basi mwili umekataa, bora nirudi kwenye sigara yangu nife vizuri. Nkampigia mtoto wa dada yangu, swali la kwanza akaniuliza, "Mjomba unakunywa kahawa vikombe vingapi?" Nkamwambia vile vile, sita saba. Akacheka. Kumbe moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini kwa haraka, ukiacha kuvuta kahawa ile ile inakukaa mwilini muda mrefu zaidi, ni kama umeongeza vikombe na wala hujaongeza. Nkashuka mpaka viwili na baada ya siku chache nkalala kama mtoto. Hili naomba ulichape kwa herufi nene Mhariri, kwa sababu sie watu wa barza sigara na kahawa tunaanza pamoja, na sijui wangapi wamerudi wakidhani sigara imewashinda kumbe ni kikombe.

Siku ya kumi na tisa nliteleza, nisijifanye walii. Harusi Konde, nimefika mchana sijala, gari imetuchelewesha, shemeji yangu mmoja kanitania mbele ya watu kuhusu deni, nkajikuta nyuma ya turubai na watoto wa jikoni navuta. Yote ilikuwa chungu na nliivuta yote. Jioni nkampigia kijana nkasema imekwisha. Hakunisema. Akaniuliza ulikuwa umekula? La. Ulikuwa na nani? Ulikuwa umekasirika? Akaniacha nihesabu mwenyewe, njaa, hasira, uchovu, vitatu katika vinne, halafu akasema "Sawa fundi, leo tu." Daktari na mke na imamu wote walinambia maneno ya kweli lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Mtoto wa dada kanisomea pia utafiti uliofanywa mji wa Framingham, Marekani, uliochapishwa 2008, waliwafatilia watu 12,067 kuanzia 1971 mpaka 2003. Wakaona watu wanaacha sigara kwa makundi, mmoja katika mke na mume akiacha uwezekano wa mwenziwe kuvuta unapungua kwa asilimia 67, na rafiki akiacha unapungua kwa asilimia 36. Mie nkamwambia mwanangu wangekuja barzani kwetu wasingehangaika miaka yote hiyo. Kwa sababu katika wale saba, wawili wengine washaacha, mmoja ni yule aliyeninyoshea pakiti. Mwengine havuti tena barzani, anakwenda kule kwenye mnazi peke yake na kule kuna giza na mbu, akivuta nusu anarudi. Yule wa wake watatu bado anavuta na sijasikia kama anaacha kuoa.

Sasa ombi langu kwa wakubwa, kama wanasoma. Hawa vijana waliotoka soba hausi wapo Unguja na Pemba, wengi hawana kazi, na wana ujuzi ambao hospitali nliyokwenda hawanao. Wanajua arosto inavyokuja na inavyoondoka, wanajua kumkalisha mtu asijione mchafu. Muwekeni mmoja kwenye kila kituo cha afya, apewe kiti na posho, daktari akishaandika "acha sigara" amwambie mgonjwa pita chumba cha pili. Na hivyo vibandiko viletwe, maana wengine hawatoweza kwa karafuu. Na nyie wenzangu wa barza na maskani, mtu akikwambieni anaacha msimpe ya kuagana nayo.

Mke wangu pesa ya sigara ananidai kila asubuhi kama kodi, anatia kwenye kopo la maziwa, tushaezeka jiko mabati sita. Leo siku ya 203. Mtoto wa dada anasema nikitimiza mwaka, hatari ya maradhi ya moyo inakuwa kama nusu ya ya mvutaji, tuombe uzima. Sikio la kushoto saa hizi nalo lina penseli, nimezoea kitu pale.

Kijana bado anapita kila jioni, anasimama mlangoni anauliza "Fundi, leo?" na mie najibu leo bado. Pesa ya randa kashaleta nusu. Nimemwambia nusu nyengine nimemsamehe, kakataa katakata, anasema italipwa, nayo imo kwenye masharti yao.

Wako,
Fundi seremala,
Wete, Pemba