Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mipichi ya Redhaven

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimo kwenye taarifa ya mweka hazina. Mimi nitabaki shambani. Maswali mengi yaliyoifikia kamati mwaka huu yalihusu Redhaven, aina ya mpichi, na karibu yote ni lile lile: mti umezaa sana, mbona matunda ni madogo?

Ndiyo tabia yake. Redhaven, iliyotolewa Michigan, Marekani, mwaka 1940, hujichavusha yenyewe na kubeba kupita uwezo wake. Punguzeni matunda yakiwa na upana wa sentimita 2 hivi, kabla kokwa halijawa gumu, mkiacha sentimita 15 hadi 20 kati ya tunda na tunda. Shika tawi kwa mkono mmoja, zungusha tunda kwa mwingine; ukilivuta tu, litabandua na ganda la tawi. Chembe hai (seli) za tunda hugawanyika wiki za mwanzo, hivyo anayepunguza kokwa likishakomaa anaokoa tawi lisivunjike, lakini ukubwa umeshampita. Inauma kuona vitunda vimetapakaa chini. Vitoeni tu.

Kupogoa nako kusiachwe. Mpichi huzaa kwenye vitawi vilivyokua mwaka uliotangulia. Bakizeni vyenye unene wa penseli. Vya wima vinavyoziba katikati na vile vyembamba vya kivulini viondoke. Mti unaoonewa huruma huhamishia mavuno kileleni, chini zikabaki fito tupu.

Msidanganywe na wekundu. Tunda la Redhaven huwiva rangi kabla ya nyama. Tazameni karibu na kikonyo: kijani kikigeuka manjano, chumeni. Lililowahishwa hung'ang'ania kokwa na halina utamu.

Ugonjwa wa majani kujikunja hutokana na ukungu unaojificha kwenye magamba ya vichipukizi, kwa hiyo dawa ya kopa (shaba) ipulizwe majani yakishapukutika, au kabla vichipukizi havijavimba. Jani likishajikunja, mnamwaga dawa bure. Mkiona gundi iliyochanganyika na unga wa mbao kwenye kitako cha shina, fukueni udongo, mfuate tundu la kiwavi kwa waya.

Mwisho, miche. Redhaven inataka zaidi ya saa 800 za baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi kila msimu wa baridi. Pasipofikia hapo huchanua kwa vipande na majani huchelewa. Kila ombi la miche liambatane na kumbukumbu za jotoridi la shamba. Lisilo nazo kamati haitalipokea.