Mliyemsifia ndiye kaharibu ukuta wangu

Mhariri,

Miaka kumi na moja nanunua gazeti lenu sijawahi kuandika hata mstari, mlivyopandisha bei nilinyamaza. Ila ile stori yenu ya yule kijana anayechora sura yake mwenyewe kwenye kuta za mji, chini jina lake, namba ya simu na akaunti ya Instagram, eti kujitangaza ndio sanaa yenyewe, hapana, hapo nimeshindwa.

Mkamfananisha na Shepard Fairey, msanii wa mitaani wa Marekani. Haya, nikamwambia mwanangu anitafutie kwenye simu. Huyo Fairey mwaka 1989 alikuwa mwanafunzi wa sanaa kule Rhode Island akaanza kubandika stika za André the Giant, yule mcheza mieleka, pande la mtu. Sura ya mtu mwingine mhariri! Na 2009 polisi wa Boston walimkamata akiwa njiani kwenda kwenye shughuli ya maonyesho yake, hilo mbona mmeliruka?

Mimi nina fremu tatu za maduka Tabata. Ukuta wa pembeni nilimlipa fundi akaniandikia kwa rangi nyekundu ya mafuta, USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, na watu waliogopa kweli. Nimeenda msibani Tanga siku nne, narudi nakuta lisura la huyo kijana toka chini mpaka kwenye bati, miwani, meno yote nje, maandishi yangu kayapiga bluu imebaki hiyo 50,000 tu pembeni ya sikio utadhani ndio bei yake. Wiki hiyohiyo wakaanza tena kukojoa, konda mmoja nimemfumania zipu wazi ananiambia mama hapa si pako huru siku hizi, muuza chipsi wangu kahama na anadai nimrudishie kodi ya miezi miwili, nikampigia huyo msanii maana namba kaiacha mwenyewe, ananijibu mama shukuru nimekupandishia thamani watu watakuja kupiga selfi. Selfi na harufu ile? Nikamwambia basi njoo ufute, anasema ninunue rangi, na nauli yake juu yangu!

Halafu hawa waganga nao. Nguzo za umeme mtaani kwetu zimevimba makaratasi, rudisha mpenzi, cheo kazini, mali iliyopotea, na gundi yao sijui wanaipika na nini, masika inaisha karatasi lipo vilevile. Mimi kibao changu cha duka, kidogo tu, natozwa ushuru wa bango, nikichelewa na faini juu. Mganga halipi na huyu wenu mwenye lisura la mita tatu halipi hata mia.

Sasa kama anataka kuonwa, mpeni choo cha stendi. Ndani, ukuta unaotazamana na mtu akishachuchumaa, pale kila mteja ameshalipa mlangoni na ana muda wa kumwangalia vizuri, meno yote. Ila kwanza apite Tabata arudishe maandishi yangu, herufi zilezile, nyekundu, na iwe rangi ya mafuta sio ya maji, nitakuwa nimekaa pale na kiti.

Mama mwenye fremu,
Tabata, Dar es Salaam